Printa Iliyosahau Tarehe

Kioo cha printa kilisema ni tarehe 1 Januari 2000. Jina la mtandao lilikuwa sahihi, paswadi sahihi, na Wi-Fi ilishika vizuri kwenye simu za wauguzi. Printa peke yake ndiyo iliyokataa katakata. Fundi aliyeitwa kwenye zahanati ile ya Mwembe Tayari, Mombasa, huku wapiga debe wa mabasi ya Nairobi wakisikika dirishani, hakuigusa paswadi. Aliweka tarehe ya leo, akaiunganisha upya. Ikaingia.

Jambo hilo halikunitoka kichwani. Tarehe na Wi-Fi zina uhusiano gani?

"Watu hudhani paswadi ndiyo kila kitu," aliniambia. Mtandao wa dukani, wenye paswadi moja kwa wote, hauulizi tarehe. Zahanati hii hutumia utaratibu wa ofisi kubwa na vyuo: kila kifaa kina jina na siri yake, na seva ndiyo huamua nani aingie. Eduroam, inayomwezesha mwanafunzi kuingia kwa akaunti ya chuo chake hata akiwa ugenini, hufuata utaratibu huo huo. Hapo ukaguzi ni wa pande mbili. Kabla printa haijatoa siri yake, seva nayo huonyesha cheti, na cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Printa inayoamini iko mwaka 2000 ikionyeshwa cheti cha mwaka jana, huona kitu ambacho muda wake haujaanza, ikakikataa. Ina haki.

"Sasa tazama mtego, ndugu yangu," akasema. "Saa ya printa hii haina betri. Stima ikikatika, inarudi mwanzo. Kupata saa sahihi, lazima iulize mtandaoni. Kuingia mtandaoni, lazima iwe na saa sahihi. Nani aanze?"

Njia ya mkato ipo. Ndani ya mipangilio kuna mahali pa kuiambia printa isikague cheti. Inaingia papo hapo, mteja anafurahi, fundi analipwa.

Fundi huyu anaichukia njia hiyo, na mimi naungana naye. Mtu akikaa ng'ambo ya barabara na kuwasha mtandao wenye jina lile lile, printa haitamuuliza chochote. Itaanza kujitambulisha kwake. Mwaka 2012 Moxie Marlinspike alionyesha kwamba MS-CHAPv2, njia ya uthibitishaji iliyoenea sana katika mitandao ya aina hii, inavunjika: anayenasa mazungumzo hayo anaweza kuyafumbua. Kisha ataingia kwa jina la printa kwenye mtandao unaopitisha majina ya wagonjwa na majibu ya vipimo vyao, habari ambazo Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu kuwa nyeti.

"Nikiweka tiki pale, nani atajua?" aliuliza. "Mwenye zahanati hatajua. Mgonjwa ndiyo kabisa."

Ushauri wake ni printa iungwe kwa waya, au inunuliwe yenye saa inayojitegemea. Waya unataka kutobolewa ukuta, na printa mpya ni pesa. Mteja akisikia hivyo huuliza kama hakuna njia nyingine. Fundi wa pili atamjibu nini? Na zile printa ambazo tiki imeshawekwa, aliyeiweka alishalipwa akaenda zake, nani anazikagua?