Kununua Trekta Kuukuu

Massey Ferguson 135, trekta lililoingia sokoni mwaka 1964 na kujulikana kwa injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda 3, bado linathaminiwa na wakulima, kwa kuwa fundi wa kawaida huweza kuifungua injini yake bila kuhitaji kompyuta. Mnunuzi asidanganywe na rangi mpya. Aiwashe injini ikiwa baridi, kwani ikipashwa moto mapema huficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa buluu usiokoma huashiria oili inayoungua, mara nyingi kwa sababu ya kulika kwa ringi, yaani vyuma vya mviringo vinavyoziba nafasi kati ya pistoni na silinda, na oili yenye rangi ya maziwa huonyesha kuwa imechanganyika na maji, kasoro ambayo ikipuuzwa huua beringi. Haidroliki, mfumo unaoinua plau kwa shinikizo la oili, ipimwe ikiwa imebeba mzigo.