SOMO LA REDIO: KUSEMA MBELE YA MKUTANO

Leo tutajifunza kusema mkutanoni.

Tuseme mizani ya chama chenu cha ushirika ina kasoro, na wakulima wa pamba wanapunjwa. Ukisimama ukazungukazunguka kwa maneno mengi, watu watachoka, na mizani itabaki vile vile.

Basi, kabla ya kwenda jiulize: Nataka wafanye nini? Andika jibu kwa sentensi moja: "Naomba mizani ikaguliwe kabla ya msimu." Chini yake andika ushahidi: "Mzigo wangu dukani ulikuwa kilo 60; chamani ukawa kilo 55." Kisha jizoeze kwa sauti mbele ya mwenzako.

Mkutanoni simama wima, watazame watu, sema polepole. Taja ombi, toa ushahidi, rudia ombi, kaa.

Msidhani maneno machache hayana nguvu. Tarehe 19 Novemba 1863, huko Gettysburg, Marekani, palifunguliwa makaburi ya askari waliokufa vitani. Edward Everett alihutubu kwa saa mbili hivi. Rais Abraham Lincoln akafuata, akasema kwa dakika chache tu. Hotuba ya Lincoln ndiyo inayokumbukwa hadi leo.

Zoezi: Andika ombi lako kwa sentensi moja, ulisome darasani. Kwaherini.