Teknolojia: Safari za Apollo zafufuliwa kwenye kompyuta za nyumbani, bila malipo

Tarehe 20 Julai 1969, Wamarekani Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua mwezini wakiongozwa na kompyuta yenye kumbukumbu isiyofika kilobaiti 80. Picha moja inayopigwa leo kwa simu inachukua nafasi kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Zaidi ya miaka 50 kiisha, programu ileile iliyoongoza chombo chao inafanya kazi tena, safari hii kwenye kompyuta za kawaida za nyumbani. Walioirudisha ni watu wa kujitolea, na kazi yao wanaitoa bure.

Kazi hiyo imejengwa juu ya Orbiter, programu inayoigiza safari za angani kama vile zingine zinavyoigiza urukaji wa ndege. Ilitengenezwa na Martin Schweiger, mtafiti wa University College London nchini Uingereza. Toleo la kwanza lilitoka mwezi wa Novemba 2000, na tangu hapo haijauzwa hata siku moja.

Katika Orbiter hakuna adui wa kupiga wala alama za kushinda. Kuna chombo, mafuta yake na sheria za mvutano. Anayetaka kufikia kituo cha kimataifa cha angani, ISS, kinachozunguka dunia kwenye urefu wa kilometa 400 hivi na kwa mwendo wa karibu kilometa 27,600 kwa saa, anajifunza haraka jambo la kushangaza. Ikiwa yuko nyuma ya kituo kwenye njia ileile, akiongeza mwendo anapanda juu, njia yake inarefuka na anazidi kuachwa. Inabidi apunguze mwendo kidogo, ashuke kwenye njia fupi ya chini, ndipo anakikaribia. Na wakati wa kugusana, mwendo unaotakiwa ni wa sentimeta chache tu kwa sekunde.

Nyongeza za kila aina

Orbiter peke yake inakuja na vyombo vichache, kikiwemo chombo cha Marekani cha Atlantis. Vilivyobaki ni nyongeza zinazotengenezwa na watumiaji wenyewe: roketi, setilaiti, viwanja vya kurushia, sauti, hata wanaanga wanaotoka nje ya chombo. Nyongeza zingine, kama vile TransX na IMFD, zinasaidia kupiga hesabu ya njia ya kwenda Mars ao sayari ingine. Kuziweka si kazi ngumu. Kwa kawaida mtu anafungua faili iliyobanwa ndani ya dosie ya Orbiter, kiisha anachagua chombo kwenye orodha.

Hata kiwanja cha kurushia roketi kinaandikwa kwenye faili ya maandishi tu, pamoja na vipimo vya mahali kilipo duniani. Mahali penyewe pana maana kubwa. Dunia inapozunguka, ardhi ya kwenye mstari wa ikweta inakimbia kwa kilometa karibu 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki inapewa mwendo huo bure. Huko Cape Canaveral, Marekani, zawadi hiyo ni kilometa 1,470 hivi. Ikweta inapita katika Kivu ya Kaskazini, kusini kidogo ya mji wa Butembo. Hakuna kinachomzuia mwanafunzi wa huko kuandika kiwanja chake na kujionea tofauti hiyo kwenye ekrani.

Karatasi zilizookoa programu

Nyongeza iliyoenda mbali kuliko zote inaitwa NASSP. Hiyo inaleta safari zote zilizobeba wanaanga, tangu Apollo 7 ya mwaka wa 1968 hadi Apollo 17 ya mwaka wa 1972. Anayeitumia anageuza vibonyezo kimoja kimoja, akifuata vitabu vya kazi ambavyo NASA iliwapa wanaanga wake. Kuhusu kompyuta ya chombo, watengenezaji hawakutaka kubuni kitu kinachofanana nayo. Walitaka programu ya kweli.

Programu hiyo haikuwa rahisi kupata. Wakati wa Apollo iliandikwa na wahandisi wa MIT, huko Marekani, kiisha wanawake wafanyakazi wa kiwandani wakaisuka kwa mkono kwa nyaya za shaba. Waya ukipita ndani ya pete ndogo ya sumaku, hiyo ni 1. Ukipita nje, ni 0. Kosa moja la msukaji lilikuwa kosa ndani ya programu. Safari za mwezini zilipoisha, mengi yaliyobaki yalikuwa marundo ya karatasi, baadhi kwenye jumba la makumbusho la MIT, mengine katika mikono ya wahandisi wa zamani.

Ndipo mradi unaoitwa Virtual AGC, ulioanzishwa na Mmarekani Ronald Burkey, ulitengeneza kompyuta ya Apollo kwa njia ya programu na kukusanya karatasi hizo. Watu wa kujitolea walizinakili kwa klavie, mstari kwa mstari. Kila sehemu ya kumbukumbu ilikuwa na namba ya kuhakikisha. Jumla isipolingana, walijua kwamba kuna kosa na wakaanza kulitafuta. Kompyuta hiyo ndiyo imewekwa ndani ya NASSP.

Hatari ya kazi ya bure

Lakini kazi ya bure ina hatari zake. Orbiter ilipotoa toleo la mwaka wa 2016, lenye milima na mabonde ya kweli, nyongeza nyingi za zamani zilipata shida kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya ardhi tambarare. Pale mtengenezaji alipokuwa ameacha kazi bila kuonyesha maandishi ya programu yake, wengine hawakuwa na njia ya kuirekebisha.

Swali hilo lilihusu Orbiter yenyewe pia, kwa kuwa ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Mwezi wa Julai 2021, Schweiger aliweka wazi maandishi yote ya programu yake, na kumruhusu kila mtu ayasome, ayabadilishe na kuyaendeleza. NASSP nayo iko wazi vilevile. Kwa sasa, mmoja akichoka, mwengine anaweza kuanzia pale alipoachia.

Kwa anayetaka kujaribu, Orbiter ilitengenezwa kwa kompyuta zenye Windows. Ikisha kupakuliwa, haiombi intaneti wala mega tena. Matoleo ya zamani ni mepesi kuliko lile la 2016.

Inafaa kukumbusha kwamba Congo nayo ina historia ya roketi: katika miaka ya 1977 na 1978, kampuni ya Wajerumani OTRAG ilirusha roketi za majaribio kutoka Shaba, kusini-mashariki mwa Manono, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Tanganyika. Apollo imejengwa upya kwa sababu kuna watu waliotunza karatasi zake.