Kijana wa Shanzu, muonjeshe mteja kazi kabla haijaiva

Ukituma pesa kwa M-Pesa pale steji ya Shanzu, unatumia huduma ambayo ilipoanza haikukusudiwa kufanya kazi hiyo.

Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wasiofika 500. Wazo la Vodafone na Safaricom lilikuwa kwamba wakopaji wa shirika la Faulu walipe mikopo yao kwa simu. Basi, hayo tu. Lakini Nick Hughes na Susie Lonie, waliouongoza mradi huo, wakaona watu wana mambo yao. Huyu anamtumia jamaa aliye mbali, yule anamlipa mfanyabiashara mwenzake. Badala ya kuwaambia wateja kwamba wanakosea, mpango ukabadilishwa. Machi 2007 huduma ikazinduliwa na ahadi moja nyepesi: tuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka kwisha, waliojisajili walikuwa wamepita milioni moja.

Sasa, ikiwa unasomea kuandika programu, au umejifundisha mwenyewe kwa laptopu ya kuazima na bando za usiku, hadithi hiyo inakuhusu. Kuna mtindo mzima wa kazi uliojengwa juu ya wazo hilo hilo: toa kidogo, tazama watu wanakitumiaje, rekebisha, endelea. Unaitwa ajaili, yaani wepesi wa kugeuka. Ukienda kutafuta kazi ya programu, ni nadra usiulizwe habari zake. Afadhali ujue ulikotoka.

Maporomoko ya maji

Zamani programu ilijengwa kama ghorofa. Kwanza orodha ya mahitaji, halafu ramani, halafu kuandika msimbo, halafu kupima, mwisho kukabidhi. Maji yakishashuka hayapandi, na ndiyo maana mtindo huo ukaitwa maporomoko.

Ajabu ni kwamba Winston Royce, Mmarekani ambaye watu hupenda kumtaja kuwa baba yake, aliuchora mwaka 1970 kisha akaonya papo hapo kwamba kuufuata hivyo ni hatari. Sababu yake ni rahisi: upimaji unakuja mwisho, na kosa likionekana wakati huo huenda mkalazimika kurudi mwanzo. Wengi walichukua mchoro, wakaliacha onyo. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kutoka raga hadi Utah

Mwaka 1986, Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika juu ya kampuni kama Honda na Canon. Walisema kazi ya kubuni bidhaa isiwe mbio za kupokezana vijiti, ambapo mmoja akimaliza anampa mwenzake na kukaa. Iwe kama raga: timu nzima inasonga pamoja, mpira ukipita mkono hadi mkono. Ikiwa wewe ni shabiki wa Shujaa, picha hiyo unaipata bila kuelezwa.

Jeff Sutherland na Ken Schwaber wakalichukua neno la raga, skramu, wakaunda njia ya kazi waliyoieleza hadharani mwaka 1995. Kazi hukatwa vipande vya muda usiozidi mwezi mmoja. Kila siku timu hukutana kwa dakika 15. Kila kipande kikiisha, lazima kuwe na kitu kinachofanya kazi, si maneno. Kent Beck naye akaja na njia yake, Extreme Programming, iliyosisitiza kupima msimbo kila wakati na watu wawili kuandika pamoja.

Februari 2001, wanaume 17 wa fani hiyo walikutana kwa siku tatu Snowbird, milima ya Utah, Marekani. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Wakatoa ilani fupi. Kwa ufupi ilisema: watu na mazungumzo yao kwanza, kabla ya taratibu; programu inayofanya kazi kabla ya rundo la karatasi; kushirikiana na mteja kabla ya kuvutana juu ya mkataba; kukubali mabadiliko kabla ya kung'ang'ania mpango.

Huku kwetu, wepesi huo ulionekana wakati mgumu. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiendelea, Ory Okolloh alitoa wazo la kuonyesha kwenye ramani matukio yaliyoripotiwa na wananchi. Pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, tovuti ya Ushahidi ilisimama kwa siku chache tu. Haikuwa imekamilika, lakini ilifaa siku ile ile. Mwaka 2010 mfumo huo ukatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Usidanganywe na mikutano

Ajaili nayo imepata magonjwa yake. Kampuni nyingi hushika sherehe na kuacha maana. Mnasimama kila asubuhi, mnabandika vikaratasi ukutani, lakini mteja hajaona chochote kwa miezi minne. Mwaka 2014 Dave Thomas, mmoja wa wale 17, aliandika kwamba neno lenyewe limegeuzwa bidhaa ya kuuza. Pia wepesi si kulipua kazi. Programu inayogusa pesa au afya ya mtu haijaribiwi kwa watu bila kupimwa sawasawa.

Ukipata kazi yako ya kwanza

Tuseme mama mwenye nyumba za wageni karibu na ufuo wa Shanzu anataka mfumo wa kupokea wageni. Usijifungie miezi mitatu. Wiki ya kwanza mpe ukurasa mmoja: jina, tarehe, na ujumbe unaomfikia kwenye simu. Huenda Ijumaa akakwambia, "Mwanangu, wageni hawajazi hii fomu, wananiuliza bei WhatsApp saa nne usiku." Hapo umeokoa jasho la miezi.

Lakini jilinde. Patana malipo kwa kila kipande unachokabidhi. Akitaka kitu kipya kiingie, kingine kitoke, au bei ipande. Usipofanya hivyo, mabadiliko hayatakwisha na wewe utabaki na deni la bando.

Huna mteja bado? Chukua kitu chako kibichi, panda matatu hadi SwahiliPot Hub, karibu na Fort Jesus, mpe kijana mwenzako simu, kisha unyamaze. Usimwelekeze. Pale kidole chake kitakaposita, ndipo kazi yako ya wiki ijayo ilipo.