Pumzi Baada ya Nusukaputi

Neno nusukaputi ni geni katika lugha ya Kiswahili, lakini limekwisha kaa kitako kama mwenyeji. Nusu limetoka katika Kiarabu. Kaputi aghalabu hudhaniwa kuwa ni la Kijerumani, lenye maana ya kitu kilichoharibika, na dhana hiyo si mbali na akili, kwa kuwa Wajerumani walitawala Tanganyika hadi Vita Kuu ya Kwanza, na reli yao ilifika Morogoro mwaka 1907. Aliyeliunda, awaye yote, alikuwa na jicho kali. Mtu aliyepewa dawa hiyo hakulala usingizi wa kawaida, wala hakufa, yu katikati. Katika hatari zinazomkabili njiani arudipo, iliyo karibu kuliko zote ni ya pumzi.

Mjini Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, mgonjwa alivutishwa etha mbele ya madaktari akapasuliwa. Mwaka uliofuata klorofomu ikaingia katika kazi huko Scotland. Msiba haukukawia. Mwaka 1848 msichana wa Kiingereza wa miaka 15, Hannah Greener, alikufa alipovutishwa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu. Dawa za leo ni salama zaidi, lakini asili ya hatari ni ile ile.

Kupumua ni kazi ya amri na ya misuli. Amri hutoka katika shina la ubongo; misuli inayoitii ni ile ya mbavu, pamoja na kiwambo, yaani msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Dawa ya usingizi huidhoofisha amri, na dawa za maumivu za jamii ya afyuni, kama mofini na pethidini, huidhoofisha zaidi. Dawa ya kulegeza mwili, itumiwayo ili mpasuaji asishindane na misuli ya tumbo, huwanyang'anya watumwa nguvu hata amri ikiwapo. Ketamini husifiwa kwa kuwa aghalabu huiacha pumzi iendelee. Walakini haimwondolei mwangalizi wajibu wa kukaa karibu. Mwenye sindano ya ganzi mgongoni, kama wafanyiwavyo wanawake wengi wanaojifungua kwa upasuaji, hubaki macho na kujipumulia, isipokuwa ganzi ikipanda juu mno.

Saa ya kwanza ndiyo ya kuchungwa. Ulimi uliolegea huanguka nyuma na kuziba koo, na sauti yake ni mkoromo. Jamaa walioko mlangoni huusikia wakashukuru kuwa mgonjwa wao amelala fofofo. Muuguzi aliyefunzwa husikia jambo jingine kabisa: hewa ipitayo kwa shida. Huinua kidevu, husukuma taya mbele, humlaza mgonjwa ubavu. Mkoromo ukikatika ghafla, na kifua kikizidi kuhangaika bila hewa kutoka puani, hiyo si nafuu. Njia imeziba kabisa.

Hatari ya pili haina sauti. Katika usingizi wa dawa, karibu wagonjwa tisa katika kumi hufungwa vifuko vidogo vya hewa sehemu za nyuma na chini za mapafu, navyo havifunguki mara tu mtu aamkapo. Aliyepasuliwa juu ya kitovu huogopa kuvuta pumzi ndefu, huogopa zaidi kukohoa asije akafumua nyuzi, na makohozi hubaki chini yakioza. Homa ya mapafu huweza kufuata siku chache baadaye. Hapo ndipo lugha humponza mgonjwa. Jamaa humwambia, "Pumzika," wakimaanisha alale chali asijitikise; kumbe pumzika na pumzi ni watoto wa mzizi mmoja, na pumziko limfaalo ni la kuketi, kuvuta pumzi hadi chini ya mbavu, kukumbatia mto juu ya jeraha akakohoa, kisha kushuka kitandani akatembea mapema kwa kadiri ya ruhusa ya daktari. Mwendo huo humkinga pia na damu kuganda miguuni. Donge likiponyoka likafika mapafuni huweza kuua kwa dakika chache.

Mtu wa Uluguru huja na mambo yake. Kilele cha Kimhandu kimepita meta 2,600, na hali ya vijiji vya Mgeta ni ya ukungu na baridi, hata moto wa kuni huwashwa ndani ya nyumba. Mama aliyepikia mafigani miaka thelathini huenda hajapata kuvuta sigara, na mapafu yake yakawa kama ya mvutaji. Hapana budi amweleze daktari habari za kikohozi chake cha alfajiri kabla ya kisu. Tena, mwinuko wa meta 1,500 hupunguza mgandamizo wa hewa kwa kiasi cha sehemu moja katika sita. Mwenye mapafu mazima haoni tofauti. Aliyetoka hospitali ya mjini Morogoro na vifuko vyake havijafunguka huiona katika mlima wa kwanza.

Kosa la huruma ni uji. Tumbo lenye chakula hutapika katika usingizi, na matapishi yakiingia mapafuni huyaunguza. Kwa hiyo chakula huachwa saa sita au zaidi kabla ya dawa, na maji matupu saa mbili. Anayemlisha mgonjwa kwa siri amemwekea mtego.

Kipimo cha oksijeni, kibanio kidogo cha kidoleni, hutoa onyo kabla midomo haijabadilika rangi. Tarakimu ya 95 au zaidi huridhisha; chini ya 90 ni hatari. Hina nzito na rangi ya kucha huweza kukipotosha, jambo la kukumbukwa kwa bibi harusi wa juzi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018, uliofanywa katika nchi 25 za Afrika kwa wagonjwa zaidi ya 11,000, ulionyesha kwamba katika waliokufa, zaidi ya tisa katika kumi walikufa baada ya siku ya upasuaji kupita, yaani wodini, ambako kibanio hicho mara nyingi hakipo na muuguzi mmoja huangalia vitanda vingi. Huko jamaa aketiye kando huweza kuhesabu: pumzi 12 hadi 20 kwa dakika ni za kawaida kwa mtu mzima; zikipungua chini ya kumi, au zikapita 25, amwite muuguzi bila kungoja zamu ya kupita.