Fedha ya Kanda ya Ziwa Isubiwe Hapa Hapa

Si wananchi wote wajuao kwamba dhahabu ya kanda yetu haitoki ardhini peke yake. Huja imechanganyika na fedha. Mwezi Machi 2017, Serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje, ndipo wengi walipotambua kuwa ndani ya mchanga ule mlikuwa na dhahabu, shaba na fedha pamoja. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akafungua hapa Mwanza kiwanda cha kusafisha dhahabu, ambacho STAMICO ni mbia wake. Dhahabu ikitakaswa, fedha hutengwa kando. Twauliza: mikono yetu yaifanyia kazi gani fedha hiyo?

Swali hili lawahusu wachonga sanamu. Tumezoea kudhani kwamba sanamu ni mpingo, na kwamba fedha ni ya masonara wa pwani, waliokuwa wakiyeyusha riale za Maria Theresa ili kufanya vikuku. Huko ni kujisahau. Karagwe, magharibi ya Ziwa, wafalme walikuwa na ng'ombe wa chuma waliofuliwa kwa ustadi mkubwa, na Stanley alipofika kwa Rumanyika mwaka 1876 alioneshwa pia bata wa shaba. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1976, wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri la jadi, wakayeyusha chuma mbele ya wataalamu kutoka Marekani, ingawa kazi hiyo walikwisha kuiacha zamani. Bahati ilioje kwamba walikuwa hai bado! Leo atakayetaka kuuliza, amuulize nani?

Kusubu fedha si uchawi. Msanii huunda umbo kwa nta, hulifunika kwa udongo laini, kisha huuchoma; nta hutoka, na fedha iliyoyeyuka humiminwa mahali pake. Kalibu huvunjwa, hivyo kila sanamu ni ya pekee. Fedha huyeyuka kwa joto la nyuzi 961, nao moto wa mkaa na mivukuto hulifikia. Fundi wa sufuria huyeyusha alumini kwa nyuzi 660. Hata mvuvi ayeyushaye risasi ya kufanyia chubwi amekwisha kufika mlangoni mwa kazi hii, ila hajaambiwa. Ugumu uko kwingine. Fedha iliyoyeyuka hufyonza hewa, na ipoapo huitema, sanamu ikabaki na vitundu. Dawa ya hilo haipatikani kitabuni tu. Mtu hana budi kukaa na mwalimu na kuharibu vipande kadhaa, na fedha ya kuharibu ndiyo asiyo nayo kijana wetu.

Mji wa Taxco, nchini Mexico, ulichimbwa fedha tangu karne ya 16, na fedha ikaenda zake. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, William Spratling, alifungua karakana ndogo akawafundisha vijana wa pale; leo mji huo wajulikana zaidi kwa masonara wake kuliko kwa mashimo yake.

Yafaa basi wahusika waamue. Fedha ya Mwanza iuzwe pia kwa gramu kwa vikundi vya wasanii vilivyoandikishwa, si kwa mikuo mikubwa tu. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, itenge meko na mwalimu. Na kwa kuwa kijana wa Ukara huvuka maji mara mbili kabla ya kuifikia Mwanza, karakana ya pili iwekwe Nansio.