Kuishi na Pete ya Tumbo

Mtu akitoka Uthiru kwa matatu kuelekea mjini kwa Barabara ya Waiyaki, akapita Mountain View na Kangemi hadi Westlands, hupita katikati ya chakula: moshi wa nyama choma, vibanda vya chapati na chipsi, maduka ya mikate na keki, na nyuma ya kuta za mitaa ile mna meza ambazo mgeni haondoki kwazo kabla ya kujaziwa sahani mara ya pili. Wengi wa wakazi hushinda wameketi ofisini, na jioni huketi tena garini katika msongamano, wala si ajabu kwamba unene umekuwa maradhi ya mji. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2008 na 2009 uliona kuwa robo ya wanawake wa Kenya walio katika umri wa kuzaa wamepita uzito unaofaa kwa siha; ule wa 2014 ukakuta ni theluthi.

Miongoni mwa waliojaribu kupunguza mwili kwa chakula na mazoezi wakashindwa, ilhali kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti yanawazidi, wako waliovikwa pete ya tumbo, wengine hapa Nairobi na wengine katika nchi za mbali, kisha wakarejea nyumbani kuishi nayo. Kwa hao na jamaa zao ndiyo haya yameandikwa, kwa kuwa mara nyingi wanaelezwa kwa kirefu siku ya kuvikwa pete na kwa ufupi mno miaka inayofuata, na kwa kuwa pete ikiharibika wao ndio wanaolaumiwa kwanza.

Chombo hiki hakikutoka mbali na Afrika Mashariki kama wengi wanavyodhani. Lubomir Kuzmak, mpasuaji mzaliwa wa Ukraini aliyefanya kazi New Jersey, Marekani, alibuni katika miaka ya 1980 pete ya silikoni inayoweza kukazwa na kulegezwa, na madaktari wa Uswidi nao walikuwa katika shughuli kama hiyo. Lakini kuivisha kulihitaji kupasua fumbatio wazi, na jeraha la mtu mnene huchelewa kupona. Aliyeivisha pete hiyo kwa mara ya kwanza kwa njia ya matundu madogo na kamera ni Mitiku Belachew, Mhabeshi aliyechunga mifugo utotoni mwake, ambaye mwezi wa Septemba 1993, katika mji wa Huy nchini Ubelgiji, aliifungulia kazi hiyo njia ya kuenea ulimwenguni. Marekani iliidhinisha itumike mwaka 2001, na katika miaka iliyofuata malaki ya watu walivikwa.

Pete huzungushwa sehemu ya juu kabisa ya tumbo la chakula, karibu na mahali umio unapoishia, hata juu yake kikabaki kijifuko cha mililita 15 hadi 30, yaani kijiko kimoja au viwili vya mezani, na tumbo lote likawa na umbo la kibuyu kilichobanwa shingo. Upande wa ndani wa pete una mfuko mwembamba unaojazwa maji safi ya chumvi. Kutoka hapo mrija hupita hadi kwenye kibweta kidogo kilichoshonewa juu ya misuli ya fumbatio, chini ya ngozi, ambacho mwenyewe akijipapasa hukihisi. Maji yakiongezwa pete hukaza, yakipunguzwa hulegea. Hapana kiungo kinachokatwa wala utumbo unaogeuzwa njia, na sifa hiyo ndiyo iliyowavuta wengi walioogopa upasuaji mkubwa zaidi.

Hapa lipo kosa la fahamu ambalo limewaletea watu adha nyingi. Hudhaniwa kwamba kazi ya pete ni kuzuia chakula kisipite, na kwa hiyo anayetapika hujipongeza kwamba pete yake inafanya kazi. Sivyo. Pete iliyokaa sawasawa hukiacha chakula kilichotafunwa vyema kipite katika muda wa dakika moja hivi. Inachofanya ni kuugandamiza kidogo ukuta wa tumbo, na mishipa ya fahamu iliyo hapo huupelekea ubongo habari ya kushiba mapema. Anayeona njaa muda mfupi baada ya kula, pete yake huenda imelegea. Anayekula kidogo akatosheka kwa saa kadhaa, imekaa pahala pake. Na anayetapika, anayekohoa usiku au anayeshindwa kula chochote ila vitu vya majimaji, imekaza kupita kiasi, na dawa yake ni kulegezwa, wala si kuvumilia.

Kulegeza na kukaza ni kazi ya dakika chache. Mgonjwa hulala chali, huombwa ainue kichwa na mabega ili misuli isimame na kibweta kitokeze. Tabibu hukishika kwa vidole viwili, hupaka dawa ya kuua vijidudu, kisha hupenyeza sindano ya Huber, ambayo ncha yake imetengenezwa isimegue mpira wa kibweta, kwani sindano ya kawaida huukata na baadaye maji huvuja. Huvuta maji yaliyomo, huyapima, huyarudisha pamoja na nyongeza ya nusu mililita au pungufu. Mgonjwa huketi, hupewa gilasi ya maji anywe polepole, naye tabibu husubiri. Maji yakigoma kushuka, hupunguza papo hapo, maana asiyeweza kunywa maji hapaswi kuondoka pale alipo.

Mezani ndipo pete inapomfuata mtu kila siku. Kipande kiwe kidogo sana, kitafunwe mpaka kilainike kabisa, kimezwe, kisha mtu angoje kabla ya kutia kingine. Asinywe pamoja na chakula. Na mlo mzima usipite nusu saa. Nyama choma, kwa nyuzi zake, ndiyo hasimu mkubwa. Mkate mweupe na chapati hugeuka bonge. Ugali mgumu vivyo hivyo. Sukuma wiki isiyokatwa ndogondogo na maganda ya mahindi ya githeri hukwama. Samaki, mayai, ndengu zilizopondwa, kuku wa mchuzi na maziwa ya mala hupita kwa wepesi. Chakula kikikwama, maumivu hushika nyuma ya mfupa wa kifua, mate hujaa kinywani yakawa na povu zito, na mtu huondoka mezani kwenda kwenye sinki, akainama huko mpaka kile kipande kirudi jinsi alivyokimeza, bila kichefuchefu. Baada ya hapo ni bora anywe vinywaji tu kwa siku nzima, maana tumbo huwa limevimba, na kula tena upesi huzidisha uvimbe.

Haya yangekuwa sahali lau mtu angekula peke yake. Lakini Nairobi hatuli peke yetu: kuna chama cha Jumamosi, kuna ruracio, kuna matanga, kuna mama mkwe aliyepika tangu alfajiri, na desturi yetu humpima mgeni kwa kiasi alichokula. Nimeona watu wenye pete wakila haraka kwa haya, wakimeza vipande vikubwa ili sahani ionekane imepungua, kisha wakaumia chooni kwa siri ilhali wenzao wanacheka sebuleni. Naamini kwa moyo wote kwamba siri hiyo ina madhara kuliko chakula chenyewe. Mtu mmoja tu wa nyumbani akijua, mke au mume, dada au binamu, anaweza kupakua sahani ndogo, kuizuia ile «ongeza kidogo, dadangu», na kutambua siku ambayo taabu ya kawaida imegeuka hatari. Ipo pia hila ya upande wa pili: soda, aiskrimu, chokoleti na chai tamu ya maziwa hupita bila kizuizi, na aliyechoka kupambana na nyama hukimbilia huko, uzito ukarudi ingawa pete ingali mahali pake.

Hatari kubwa ya ghafla ni kuteleza: sehemu ya tumbo iliyo chini ya pete hupanda juu yake, ikanaswa na kuvimba. Mtu huyo huenda ashindwe kumeza hata mate yake, akatapika mfululizo, akapata maumivu ya juu ya tumbo yasiyotulia. Hilo si jambo la kulala nalo hadi asubuhi, kwa kuwa damu ikikatika ukuta wa tumbo huweza kufa. La kwanza ni kutoa maji yote ya pete, na hata kama sindano ya Huber haipo, katika dharura sindano nyembamba ya kawaida hutumika. La pili ni picha ya eksirei, ambayo humwonyesha tabibu mzoefu pete ikiwa imegeuka: iliyo sawa huonekana imeinama kimshazari, ikielekea bega la kushoto, na iliyoteleza mara nyingi huonekana mviringo mzima.

Madhara mengine huja kimya. Pete inaweza kuula ukuta wa tumbo kidogokidogo kwa miaka mpaka ikaingia ndani, mara nyingi bila maumivu, na dalili ya kwanza ikawa kwamba kushiba kule kwa mapema kumetoweka, au kwamba ngozi juu ya kibweta imekuwa nyekundu na kutoa usaha muda mrefu baada ya jeraha kupona. Aliyepewa dawa ya vijidudu akapata nafuu, kisha usaha ukarudi, asikubali kutibiwa ngozi peke yake. Aombe kamera ipelekwe tumboni kutazama. Uvutaji wa sigara na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen na diclofenac, ambazo kwetu hununuliwa dukani kwa wepesi mno, huudhuru ukuta wa tumbo, na mwenye pete ajiepushe nazo. Kisha uko umio: pete iliyokazwa mno kwa muda mrefu huufanya utanuke, chakula kikakaa humo, na usiku kikarudi hadi kooni, mtu akaamka anakohoa na mto umelowa. Wako wanaotibiwa nimonia mara kwa mara bila ya mtu kuuliza juu ya pete.

La mwisho katika orodha hii ya huzuni halijulikani sana, nalo ni upungufu wa vitamini B1. Anayetapika kwa wiki kadhaa huimaliza akiba yake. Macho yakaanza kuona vitu viwiliviwili, miguu ikayumba, akili ikachanganyikiwa, na watu wakadhani amelewa. Akifika hospitali akatundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa vitamini hiyo, hali huweza kuwa mbaya zaidi. Jamaa aliyemleta ana haki, tena ana wajibu, wa kusema: huyu ana pete, ametapika wiki nzima. Mama mjamzito naye, ambaye miezi ya kwanza kutapika ni kawaida, aende mapema pete ilegezwe.

Je, haya huwapata wangapi? Wapasuaji wa Brussels waliowafuatilia wagonjwa 82 kwa miaka 12 na zaidi walitangaza mwaka 2011 kwamba takriban wanne katika kila kumi walipata madhara makubwa, kwamba kwa zaidi ya robo pete ilikuwa imeingia tumboni, na kwamba karibu nusu hawakuwa tena na pete zao. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kuelezwa kwa ulafi wa wagonjwa. Ni hesabu ya chombo kigeni kilichozunguka kiungo chenye kujikunja usiku na mchana, na anayemwambia mwenye kutapika kwamba amejitakia humsukuma mbali na tabibu kwa wakati anaomhitaji zaidi. Madaktari wenyewe walisoma hesabu hizo: Marekani, mwaka 2011, pete ilikuwa zaidi ya theluthi moja ya upasuaji wote wa kupunguza uzito, kufikia 2018 ilikuwa kiasi cha moja katika mia, na nafasi yake ilichukuliwa na upasuaji wa kulipunguza tumbo lenyewe.

Kutoka mabadiliko hayo ndiko mushkili mpya ulikozaliwa, kwamba waliovikwa wangalipo, ilhali wapasuaji vijana wengi hawajapata kuigusa pete. Mkazi wa Mountain View hayuko mbali na hospitali za Parklands, kama Aga Khan na M.P. Shah, lakini ukaribu haumfai ikiwa usiku wa dharura ndipo anapoanza kuuliza nani anajua. Aulize akiwa mzima: ni mpasuaji gani anayerekebisha pete, na je, amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya? Sindano ya Huber ikikosekana kwenye wadi ya upasuaji, iulizwe kwa wanaotibu saratani, ambao huitumia katika vibweta vya dawa za wagonjwa wao. Na kwenye pochi, karibu na kitambulisho, akae na karatasi iliyoandikwa aina ya pete, tarehe na mahali alipovikwa, kiasi cha maji kilichomo na siku kilipobadilishwa mwisho, maana kuna pete zinazojaa kwa mililita 4 na kuna zinazobeba 14, na tabibu asiyejua ipi iko mbele yake hukisia.

Ikibidi pete itolewe, aghalabu hutolewa kwa matundu yaleyale madogo, ila ile iliyokwisha kuingia tumboni, ambayo pengine huvutwa kwa kupitia kinywani. Njaa hurejea upesi kuliko mtu anavyotazamia, na uzito huifuata. Wengine huchagua upasuaji wa pili, wa kulipunguza tumbo au wa kuigeuza njia ya chakula, na wapasuaji wengi hupenda kungoja kama miezi mitatu ili kovu lililoachwa na pete lilainike. Miezi hiyo mitatu ndiyo ya kumwona mtaalamu wa lishe kila mara, na kwa watu wa nyumbani ndiyo ya kupika pamoja na mgonjwa badala ya kumpikia, kwani atakuwa na njaa ambayo hakuwa nayo kwa miaka, na daktari wa pili atataka kumpokea akiwa na nguvu, damu ya kutosha na tumbo lililopoa.